Nilimwambia Mama Miujiza ni Hekaya

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Shetani mwacheni, siku hiyo alikaa kando akinitazama nikimfanyia kazi.

Mimi ni karani wa ofisi hapa mjini. Mwaka jana nilijiandikisha kwa masomo ya jioni ya teolojia. Wiki tatu tu, wueh! Nikaanza kutembea kama mtu aliyeandika Biblia, kisha akagundua makosa.

Mhadhiri alisema kuna wasomi wanaoona miujiza ya Biblia kuwa hekaya. Nikaandika neno hilo, nikalipigia mstari, nikafunga daftari. Kipindi kilichofuata sikwenda. Ya nini? Si nilikuwa nimeelewa!

Alhamisi ya wiki hiyo kina mama wa kanisa walikuja kwa Mama, mtaani Kangemi, kumwombea. Jumatatu alikuwa afanyiwe upasuaji wa tumbo, na alikuwa anaogopa sana. Kwetu mwenye nyumba hutoa ushuhuda kabla ya maombi. Mama ana mmoja tu: nilivyougua surua nikiwa na miaka miwili, daktari akamwambia ajiandae, yeye akapiga magoti kando ya kitanda hadi nikafungua macho na kuitisha uji.

Wote wakaitikia, "Amina!" Mimi nikakohoa, kikohozi cha msomi.

"Mama, surua wakati mwingine huisha yenyewe. Hata Lazaro, kwa wasomi, ile ni hekaya."

Jameni! Na sikuishia hapo. Bahari ya Shamu nikaieleza kwa upepo. Divai ya Kana nikairudisha kuwa maji. Chai ikapoa vikombeni, mimi bado nahutubu.

Mama Wanjiku, jirani yetu, akaniuliza, "Kwa hivyo Jumatatu tumwombe nani? Daktari wa zamu?"

"Maombi yanatuliza akili," nikamjibu. Haki ya Mungu, nilisema hivyo!

Mama akaweka kikombe chini. "Wewe ndiye umesoma, baba." Akawaambia wenzake amechoka, wakaenda bila kumwombea.

Jumatatu, mlangoni mwa chumba cha upasuaji, nilimwona ameng'ang'ania ukingo wa kitanda. Nikamwambia, "Mama, tuombe."

"Wacha tu. Usijisumbue kwa sababu yangu." Akasukumwa ndani.

Alipona. Baadaye mwanafunzi mwenzangu akaniambia nilichokosa darasani: mhadhiri alieleza kwamba hekaya si uongo, ni njia ya watu kubeba ukweli ambao maneno ya kawaida hayauwezi. Asante sana, ndugu! Habari imefika kwa wakati.

Jumapili ya shukrani, pasta alimwita Mama mbele. Akashukuru madaktari, akashukuru wauguzi, akaketi. Kanisa zima likabaki linangoja. Hongera kwangu, nimepata mwongofu wa kwanza!

Nyinyi mnaosoma, someni. Lakini somo la nusu msilipeleke kwa mtu anayengoja kisu. Mama alikuwa akinipigia simu kila asubuhi aniombee kabla sijaenda kazini. Bado hupiga. Huniuliza kama nimekula, kisha anakata.