Glasi Moja ya Nashipae

Jumamosi mchana, kilabu cha Nashipae katika kata ya Themi, jijini Arusha, kimejaa watu lakini hakuna anayekunywa. Mafundi wenye saruji kwenye viatu wamekaa kwenye mabenchi, makopo matupu mbele yao. Macho yote yako kwa mama wa kitenge cha bluu anayekoroga pipa la mbege kwa mwiko mrefu.

Nashipae anachota kwa kata, anamimina kwenye glasi, ananusa. Kisha anakunywa taratibu mpaka tone la mwisho na kufuta povu mdomoni kwa kiganja.

"Haya, karibuni. Imeiva," anasema, na makopo yananyanyuka kwa pamoja.

Ana miaka 51, na zaidi ya ishirini kati ya hiyo ameitumia kupika pombe ya ndizi. Siku njema humwachia kama shilingi elfu arobaini baada ya kutoa gharama za ndizi, ulezi na kuni. Lakini ukitaka macho yake yang'ae usimuulize habari za faida. Muulize anapenda kunywa nini.

"Mimi ni mpenzi wa pombe, sifichi," anasema. "Kuna wapishi wanaouza wasichokunywa. Hao siwaelewi kabisa."

Anazo tatu anazozipenda, na huwa anaanza na ya mwisho. Ya tatu ni bia ya Safari ya chupa, Jumapili baada ya ibada, pembeni ya nyama ya mbuzi. "Iwe baridi mpaka chupa itoe jasho. Ukiniletea ya moto, irudishe ulikoitoa."

Ya pili ni pombe ya asali ya kwao Kisongo, alikozaliwa kwa wazazi Waarusha. Hupikwa kwa asali na mizizi, ikakaa karibu na moto siku kadhaa, na wakubwa wa boma ndio huinywa. "Baba alikuwa ananionjesha kwa siri. Mama alidhani nasinzia kwa sababu ya maziwa."

Ya kwanza ni hii mbege. Aliikuta Umeruni alikoolewa, kwenye mteremko wa mlima, na mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha: ndizi zichemshwe zikiwa zimeiva sana, zikae, zichujwe, ndipo uingie uji wa kimea cha ulezi. Akamfundisha na jambo moja zaidi, kwamba wa kwanza kunywa ni mpishi, mbele ya wageni, ili kila mtu ajue hakuna kibaya kilichotiwa.

Mwaka jana, akichagua ndizi sokoni Tengeru, alishikwa na kizunguzungu akakaa chini. Zahanati ilimkuta na presha. Daktari hakumnyima pombe moja kwa moja, ila alimwekea mpaka: glasi moja kwa siku, isizidi.

"Nililia. Mwanangu Diana alidhani nimeambiwa nakufa."

Glasi moja, na pombe anazozipenda ni tatu. Nashipae akapiga hesabu zake za kijanja. Mbege ataionja na kuitema, na glasi yake ataitunza kwa ajili ya chupa baridi ya jioni. Jumamosi iliyofuata akajaza kinywa mbele ya wateja, akaisukasuka, kisha akaitema mlangoni, fyuu.

Makopo yaliyokuwa yamenyanyuliwa yakashushwa.

"Mama Diana, kuna nini humo?" aliuliza Bariki, fundi ujenzi ambaye ni mteja wake wa miaka mingi.

Nashipae anacheka anaposimulia. Kwao Kisongo, mzee akitaka kukubariki hukupulizia pombe ya asali kutoka kinywani. "Nilijua hata wakiniona, watasema nimewabariki!"

Lakini waliokaa pale walikuwa Wameru na Wachaga, na kwao mpishi anayetema anawaambia wageni wasinywe. Waliondoka mmoja mmoja kwa adabu zote, wengine wakijifanya wamepigiwa simu. Pipa zima likaishia kwa nguruwe wa jirani.

"Nampenda sana mama huyu, lakini nina watoto nyumbani," anasema Bariki. "Mpishi atema, mimi nimeze ya nini?"

Mabenchi yakabaki matupu wiki baada ya wiki. Diana, binti aliyeokoka na ambaye hajawahi kugusa pombe maishani mwake, akajitolea aonje badala ya mama yake. Nashipae hakukubali.

"Nilimwambia, mwanangu, usivunje ahadi yako na Mungu kwa ajili ya pipa langu. Nikaona bora niachane na chupa yangu."

Akamwita Bariki, akamweleza habari za presha, kisha akanywa glasi nzima ya mbege mbele yake. Fundi alimkasirikia kweli kweli. "Ungetuambia tu, mama! Sisi tulishakuzika na kukufufua humu mitaani!"

Habari zikawafikia wenzake, mabenchi yakajaa tena, na siku hizi wateja ndio polisi wake. Akionekana tu ameisogelea kata mara ya pili, mabenchi yote yanapiga kelele: "Moja, mama! Moja!" Yeye hununa, halafu anacheka. Anasema chupa ya Jumapili bado anaiota, maana kilabu hakifungwi hata siku hiyo, ila presha imeshuka, na jioni hulala akijua kilabu chake kipo.

Desemba Diana anaolewa. Kaka yake Nashipae, Lemomo, ameshatenga asali Kisongo ili ukoo umbariki binti kabla ya harusi. Je, mlokole atakubali kupuliziwa pombe?

"Kupuliziwa siyo kunywa," anajibu Diana akipanga makopo. "Baraka za wajomba zangu sizikatai."

Mama yake amekwishawatangazia wateja kwamba siku hiyo kilabu kitafungwa. Asipokunywa yeye hapa hakuna atakayekunywa, na glasi ya siku hiyo ina safari.

"Naipeleka Kisongo," anasema, akiigeuza glasi yake tupu mkononi. "Nitajaza kinywa, nimpulizie mwanangu, na safari hii hakuna atakayekimbia. Inayobaki nameza yote."