Mwalimu wa Magongo wa Nizwa

Jamaa za marehemu mume wangu kule Ibra waliposikia mwanangu amepata kazi ya kufundisha mpira wa magongo katika chuo cha vijana pale Nizwa, huku Omani, walikuja kunipa pole. Wallahi, pole! Wifi yangu mkubwa akakaa, akaiweka sawa barakoa yake, akasema, "Mtu mzima na ndevu zake anakimbiza mpira kwa fimbo? Serikalini hamna meza?"

Meza. Mwishoni mwa miaka ya sabini kila aliyetoka Unguja akajua kusoma alikuwa anatafutiwa meza. Nimewaona hao watu wa meza. Anakaa nyuma ya meza tupu, simu kaifunika kitambaa isipate vumbi, anasinzia mpaka adhana ya adhuhuri. Nikamjibu, "Wifi, mwanangu mimi sikumzaa aje kuishika meza isikimbie." Akanuna, akaondoka. Na halua aliyoniletea akaondoka nayo.

Mchezo wenyewe mwanangu aliujulia Unguja, shuleni, na alikuwa hodari. Nizwa hakukuta kiwanja, alikuta changarawe. Vijana wa pale fimbo wameishika tangu wadogo, ya mbuzi na ya ngamia, basi wakadhani na mchezo wanaujua. Wakauacha upande bapa wakapiga kwa mgongo wa gongo, wakanyanyua magongo juu ya vichwa kama wanaua nyoka, wakavunjana miguu. Mwanangu akawanyang'anya mpira. Akaja jikoni kwangu akachukua ndimu kavu, zile nyeusi tunazotia mchuzini, akawaambia waikokote ndimu kwa gongo toka mwanzo wa kiwanja mpaka mwisho. Ndimu kavu ni nyepesi, ukiipiga kwa nguvu inapasuka. Atakayeipasua anazunguka kiwanja mbio. Walizunguka mpaka wakakoma. Na mimi nilipika mchuzi bila ndimu msimu mzima, sikusema neno, maana nilikuwa namwona jioni akirudi na vumbi mpaka kwenye kope, uso unamng'ara.

Wakaanza kushinda. Wakawafunga wa Ibra, wakawafunga wa kwingine. Hapo ndipo mudiri, mkubwa wa chuo, alipokumbuka kwamba chuo chake kina timu. Mtu yule udi wake ulikuwa unafika kabla yake, na kitambi chake kabla ya udi. Akawa anakuja kupiga picha. Wanampa gongo ashike, analishika kichwa chini, na hakuna wa kumwambia, wote wanacheka kwa adabu. Mwanangu peke yake ndiye aliyeligeuza. Nadhani hakusamehewa.

Mudiri huyo alikuwa na mpwa wake chuoni. Kijana wa kulala. Mazoezini akija leo, kesho hayupo, na akija anataka apewe maji kwanza. Ikatangazwa mechi na vijana wa Sur, na liwali atahudhuria na wageni wake. Mudiri akataka mpwa wake acheze, tena acheze mbele, aonekane. Akamwambia mwanangu kwa mzunguko mara ya kwanza, mara ya pili bila mzunguko. Mwanangu akasema, "Akifanya mazoezi atacheza." Basi. Kila mtu pale Nizwa akajua kwamba kazi ya mwanangu sasa iko juu ya hilo.

Alhamisi moja baada ya alasiri wakaja wazee watatu nyumbani, waliotumwa na mudiri, vilemba safi na majambia kiunoni kama wanakwenda kuposa. Nikafurahi mimi, mjinga. Nikapika kahawa kwa mkono wangu, ya Kiunguja, chungu, yenye tangawizi, na tende za khalasi sahanini. Mwanangu akawamiminia. Nimekaa nyuma ya pazia na mke wake, naangalia. Wale wazee wakapokea vikombe, wote watatu wakaviweka chini mbele yao. Hakuna aliyegusa.

Nikangoja. Moshi unatoka vikombeni, unapungua, unakwisha. Mwanangu kajiinamia. Damu ikanipanda. Wamekuja nyumbani kwangu kuidharau kahawa yangu, kwa sababu ina tangawizi, kwa sababu sisi ati ni Wazinjibari! Mke wa mwanangu, aliyezaliwa hapa hapa, akanishika nguo. "Mama, usitoke. Mama!" Nilikwishatoka, leso kichwani.

"Masheikh, kahawa yangu ina nini?"

Mkubwa wao akashtuka. "Kahawa haina neno, mama. Hatunywi mpaka tupewe haja yetu."

"Mtu akikwambia hanywi kahawa yako, kwetu hashikwi miguu."

Nikainama, nikakusanya vikombe, kimoja, cha pili, cha tatu, na sahani ya tende juu yake, nikaingia navyo ndani. Halafu nikasikia wanavaa ndara.

Mke wa mwanangu kakaa chini jikoni kashika kichwa. "Umefanya nini, mama? Huku mgeni akiwa na haja nzito anaweka kikombe chini. Mwenye nyumba anaona haya, anasema haja yenu imekwisha, kunyweni. Hapo wanakunywa. Kahawa hainyanyuliwi! Umewafukuza watu wazima!"

"Haja gani?"

"Mpwa wa mudiri acheze."

Mwanangu akaingia, mweupe kama chaki. Nikamuuliza, "Ulikuwa unataka kuwaambia nini?"

Akaniangalia. "Nilikwishafungua mdomo, mama. Nilitaka kusema kunyweni."

"Basi uufunge."

Sasa sikilizeni ujinga wa watu wakubwa. Wale wazee wangemwambiaje mudiri kwamba wametolewa kahawa mbele yao na bibi kizee wa Unguja? Aibu ingekuwa yao mji mzima. Wakaenda wakamwambia, "Yamekwisha, kijana atacheza." Mudiri akawaambia wageni, wageni wakamwambia liwali. Siku ya mechi mpwa kaja na viatu vipya vinavyong'aa na nywele kazipaka mafuta, akakaa benchi mpaka filimbi ya mwisho, mafuta yanamtiririka. Vijana wa mwanangu wakashinda. Liwali akapiga makofi, na mudiri naye ikabidi apige.

Mwanangu hawakumfukuza. Watu wa namna ile hawafukuzi. Walimhamisha "kwa maslahi ya kazi", wakamtia kwenye ghala, ahesabu viti vibovu. Mpwa alipomaliza masomo wakampa timu. Mwalimu mkuu wa magongo! Na meza wakampa, na simu. Wifi yangu akatuma salamu kutoka Ibra kunipongeza kwamba mwanangu sasa yuko ofisini. Mungu amrehemu, hakuwa na akili.

Mwanangu alikaa ghalani akakonda. Nikamwambia, "Wewe umesomea viti?" Wale wale wa Sur aliowafunga ndio waliomwita, klabu yao haikuwa na mwalimu. Mshahara nusu, nyumba yenye chumvi ya bahari ukutani, sufuria zinaota kutu. Tukahama. Akaanza tena na ndimu kavu, na hao wa Sur walikuwa vichwa vigumu kushinda wa Nizwa.

Katikati ya miaka ya themanini wakaalikwa kucheza Nizwa. Nilikwenda. Mimi na mke wake tulikaa na dereva wa klabu ndani ya gari pembeni ya kiwanja, vioo tumeteremsha nusu. Mudiri yuko mbele kwenye kiti cha mto, amenenepa zaidi. Mpwa wake anapiga kelele vijana wakimbie, hajui wakimbilie wapi. Vijana wake walikuwa wanapiga kwa mgongo wa gongo, kila saa filimbi.

Sur walitangulia, Nizwa wakasawazisha kwa bahati, mpira umegonga jiwe. Kisha mwanangu akainuka, akasema neno moja ambalo sikulisikia, na wale vijana wake wakaukokota mpira taratibu, huyu kwa huyu, bila haraka, mpaka ukaingia golini kama umetumwa dukani.

Mudiri hakungoja filimbi. Akainuka, akashika joho lake, akapita mbele ya gari letu.

Nikamwambia dereva, "Piga honi."

"Bibi, yule mkubwa."

"Namjua. Piga."

Akapiga. Nikamwambia apige tena.