Ya Kuoana na ya Uchumba

Nilivaa pete ya uchumba kwa miaka saba. Wenzangu niliofundisha nao walivishwa pete, wakaolewa, wakazaa, na baadhi ya watoto wao wakafika darasa la kwanza wakakaa mbele yangu, na mimi bado naulizwa mlangoni mwa ofisi ya walimu, "Mwalimu, mtatuita lini?"

Hatukuwa tumegombana. Kwanza baba yake mchumba wangu aliugua huko Masasi, akaugua muda mrefu, akafariki. Kisha wadogo zake wawili wakaingia sekondari, na yeye ndiye aliyebaki kuwa baba yao. Halafu mama yangu akafanyiwa upasuaji. Kila mwaka ulikuja na sababu yake, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililonichosha. Uongo ningeweza kuukasirikia, lakini mtu hawezi kukasirikia upasuaji wa mama yake.

Pete yenyewe ilikuwa nyembamba, na jiwe dogo jeupe lililoshikwa na vikucha vinne. Vikucha hivyo vilinasa kwenye kanga, kwenye neti, kwenye sweta za watoto. Lakini ilikuwa shahidi wangu. Jirani yetu mmoja alipenda kusema kwa sauti wakati wa kuanika nguo, "Huyo kijana wa kusini anakuchezea tu, mwenzangu." Mimi naanika tu, mkono wa kushoto ukiwa mbele, aione. Nilishaamua kwamba siku nitakayoingia kanisani nitaingia na pete ile ile, ili kila aliyenihurumia ajue nilikuwa nasubiri kitu cha kweli.

Tarehe ilipopatikana hatimaye, nikaanza kutafuta pete ya ndoa ya kukaa nayo kidole kimoja. Kwa wale ambao hamjajaribu, kazi hii si nyepesi kama inavyoonekana. Nilizunguka Kariakoo Jumamosi mbili, na kila duka nilionyeshwa pete nzuri ambayo ikikaa karibu na yangu inagoma. Dada mmoja muuzaji alinihurumia akanieleza vizuri. Kikalio cha jiwe kikishuka chini sana, alisema, kinaisukuma pete iliyonyooka, na katikati panabaki mwanya ambao utakusanya sabuni na unga wa ngano maisha yako yote. Inatakiwa pete ya ndoa ipindwe kidogo, ilipishe jiwe. Tena dhahabu zenyewe zilingane ugumu, maana iliyo ngumu huikwangua iliyo laini, na baada ya miaka mmoja kati yao anakuwa amemla mwenzake. Alisema "mmoja" na "mwenzake" kama anazungumzia watu. Nilicheka, ingawa miguu ilikuwa inawaka.

"Hiyo ya kupinda huipati ya dukani," akamalizia. "Nenda kwa sonara akuchongee."

Nikaelekezwa kwa sonara mmoja Mchafukoge, mzee ambaye familia yake imefanya kazi hiyo tangu kwa babu. Nilifika siku ya Ijumaa mchana, akawa ameenda kuswali. Mke wake alikuwa kaunta. Aliipokea pete yangu, akaitia kwenye kifuko kidogo, akanipa risiti na namba ya simu ya mumewe. "Mwandikie unachotaka, mwanangu. Kwa maneno yangu mimi hatafanya chochote."

Nikiwa njiani kurudi shuleni nikaandika. Ujumbe huo ninao hadi leo: *Shikamoo mzee. Mimi mwalimu niliyeacha pete kwa mama. Naomba unitengenezee ya kuoana na ya uchumba. Hiyo niliyoacha itumie.*

Ninafundisha Kiswahili. Naomba msicheke bado.

Siku tatu baadaye, Jumatatu, sonara alipiga simu, darasa langu likiwa katikati ya kelele. "Mwalimu, kwa hiyo zote mbili?" akauliza. Nikadhani anauliza kama zote mbili zitakaa kidole kimoja. Nikasema, "Ndiyo mzee, zote mbili, zikae pamoja vizuri." Akasema sawa, njoo Jumatano.

Jumatano hiyo zilikuwa zimebaki siku tatu kufika harusi. Nilifika nimechoka kiasi kwamba nilisalimia nikiwa nimeshaketi.

"Marahaba, mwalimu! Leo utanipa mia kwa mia." Akafungua kikasha. Ndani mlikuwa na pete mbili mpya, moja ina jiwe, nyingine imepindwa taratibu ikalipisha jiwe hilo. Hapakuwa na mwanya. Hata uzi usingepita.

"Nzuri sana," nikasema. "Na ile yangu?"

"Si hizi?"

"Ile niliyoacha, mzee."

"Imo humo."

"Humo wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye moja, kisha kwenye nyingine. "Humo humo. Ulisema niitumie."

Mke wake aliacha kufuta vioo. Nikatoa simu, nikasoma ujumbe wangu mwenyewe, na safari hii niliusoma kama daftari la mwanafunzi. Mimi nilimaanisha pete *ya kuoana na* ile ya uchumba, yaani ya kupatana nayo. Yeye alisoma pete *ya kuoana*, kisha *na ya uchumba*: ya ndoa moja, ya uchumba moja. Kosa halikuwa lake. Neno "kuoana" hutumika kwa watu na hutumika kwa rangi za nguo, na kale ka "na" kanaweza kuunganisha vitu viwili au kuhesabu vitu viwili. Na "itumie" nilimaanisha kama kipimo. Yeye ni sonara. Dhahabu akiambiwa aitumie, anaitia motoni.

"Na nilikupigia," akasema kwa sauti ndogo. "Nikakuuliza zote mbili?"

"Nilikuwa darasani, mzee."

"Basi darasa limetuponza."

"Mimi nilimwambia," mkewe akaingilia. "Pete ya uchumba ya mtu haiyeyushwi. Hasikii."

"Uliniambia lini?"

"Nilisema kimoyomoyo. Mume wa miaka arobaini anatakiwa asikie na hiyo."

Nilimpigia mchumba wangu. Anauza mabomba katika duka moja mtaa wa Msimbazi, kwa hiyo hakuchukua muda kufika, jasho likimtoka, mikono ina grisi. Nilimweleza yote polepole, nikimwonea huruma kwa jinsi atakavyoumia. Yeye ndiye aliyeichagua pete ile.

"Imeyeyuka yote?" akamuuliza sonara.

"Yote, mwanangu. Nisamehe."

Akashusha pumzi. "Afadhali."

Neno hilo lilinichoma kuliko moto wa sonara. "Afadhali?"

Akaketi. Akatazama mikono yake, akasema, "Ile pete haikuwa mpya, mwalimu. Jamaa mmoja dukani alikuwa amemvisha msichana, wakaachana, msichana akaitupa mezani mbele za watu. Akawa anaiuza. Mimi sikuwa na uwezo wa mpya. Nikasema nitakuvisha hiyo, nikipata nitaibadilisha kabla hujajua. Halafu mzee wangu akaugua. Kila tulipoahirisha nikawa naitazama hiyo pete, nasema ni yenyewe. Ina mkosi."

"Miaka saba?"

"Ningeanzia wapi?"

"Ungeanzia mwaka wa kwanza, baba," akasema mke wa sonara.

Nilitafuta hasira, sikuipata. Nilipata uchovu tu, ule wa kutua ndoo uliyoibeba mbali. Nilimfikiria yule msichana nisiyemjua, ambaye pete yake niliianikia jirani mwaka baada ya mwaka kwa kiburi. Na nikafikiria kwamba muda huo wote mwenzangu alikuwa akiiogopa pete ile ile niliyokuwa najikingia aibu. Tulikula pamoja, tukazika pamoja, tukalala kwenye mabenchi ya hospitali pamoja, na hakuna aliyemuuliza mwenzake, "Unapoitazama hiyo pete unafikiri nini?" Ningeshauri yeyote mwenye mchumba aulize. Ni swali jepesi, na chai inatosha kulimaliza.

"Mimi sikuhitaji mpya," nikamwambia. "Nilihitaji kujua."

"Najua sasa."

Akaichukua ile pete yenye jiwe kutoka kwenye kikasha. "Hii sijakuvisha bado," akasema, na akaanza kukunja goti.

"Simama, simama!" sonara akapiga kelele. "Sakafu hiyo ina vumbi la dhahabu. Utaondoka na mali yangu kwenye suruali."

Mkewe alicheka mpaka akashika kaunta. Mchumba wangu akasimama, akiwa amebanwa kati ya kiti na kabati la vioo, akaniuliza akiwa hapo hapo, "Bado unataka?"

Wageni walikuwa wameshaalikwa. Gauni lilikuwa limeshapigwa pasi na kuning'inizwa. Lakini aliuliza akisubiri jibu kweli, na mimi nilimsubirisha kidogo, kwa sababu safari hii nilikuwa najua ninachojibu.

"Nataka," nikasema.

Joto la mchana lilikuwa limevimbisha vidole, na pete ikakwama kwenye kiungo. Mke wa sonara akaleta maji ya sabuni kwenye kifuniko cha chupa. Mchumba wangu akaisukuma taratibu, kwa vidole vyake vya grisi, huku akinitazama usoni.

"Inauma?"

"Kidogo. Endelea."