Boya Limehama, au Fungu?

Jumatano, Mfunguo Pili. Kusi tangu alfajiri, na rasharasha. Jua halikutoka mpaka adhuhuri.

Tangu wiki iliyopita nasema boya la Serikali limehama, na hakuna anayesikia. Zamani nikikaa barazani naliona katikati ya misufi miwili. Sasa limejificha nyuma ya msufi wa kaskazini. Jirani yangu mvuvi hulifungia madema yake ya kutegea samaki, nami nadhani ndiyo yaliyolikokota. Sikuyaona yakilikokota, basi sitasema ni yeye.

Nilipomwambia alicheka. "Boya lina mnyororo, bwana. Aliyehama ni wewe. Si ulibomoa baraza ukaijenga upande wa pili wa mlango?"

Kweli, niliibomoa. Nikakaa huku, nikakaa kule, mwisho sikujua tena zamani nilikuwa nikiona nini.

Karani wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alinijibu kwa adabu kwamba motaboti ya kukagua maboya itakuja ikija.

Mimi shida yangu mchele. Binti yetu anaolewa Ijumaa, na shemeji, kaka wa mke wangu, alikuwa njiani kutoka Unguja na mashua yenye magunia ya harusi. Akilifuata boya atapanda fungu la mchanga. Basi leo maji yalipokupwa nikatembea hadi huko, nikalikuta boya limelala mchangani. Nikachomeka pondo, mti mrefu wa kusukumia mashua, ukingo wa kusini wa fungu, nikalifungia kipande cha kanga, ili apite kusini yake.

Alasiri mashua ikaja. Ikalikwepa pondo langu, ikaelekea kwenye boya, ikakwama. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mawimbi yakaingia.

"Hukukiona kitambaa, shemeji?"

"Nilikiona. Nikasema kuna mvuvi ana madema yake pale, nisije nikamkatia kamba."

Ndivyo tunavyotia alama madema hapa, na mimi pia ningekwepa.

Jirani alikuja kupakua, akabeba magunia mengi kuliko sisi sote. Hilo lazima niliandike. Lakini hata gunia likiwa begani alisema, "Boya lipo palepale. Fungu ndilo lililohama."

Huenda. Nilitaka mtu mmoja tu aende akatazame pamoja nami, kabla.

Magunia makavu yatatosha pilau ya wanaume. Ya wanawake bado hatujui.

Usiku tumekula wali wa mchele uliorowa, kwa mchicha. Mke wangu aliuosha na kuuosha, akaupika kwa nazi bila kutia chumvi, na bado ulikuwa na chumvi.