Jina la Bi Mwanaisha

Nakumbuka siku moja ya upepo wa kusi, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, Mzee Bakari alipopanda ngazi za ofisi yetu kule Kisauni akihema, kofia yake mkononi. Alikuwa ametoka Likoni, akavuka feri, akapita mji mzima hadi kwetu. Mwanangu, usicheke, lakini wakati huo hata neno tovuti hatukulijua. Tulisema websaiti, na tuliojua kuitengeneza tulitembea vidari mbele kama maharusi. Nami nilikuwa wa kwanza kwa kiburi.

Mzee alikuwa akiuza kofia za kushonwa kwa mkono. Alitaka kofia zile zionekane kwenye kompyuta. Akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne, ndani yake majina ya nakshi kumi na mbili, na juu kabisa, kwa kalamu ya wino: Bi Mwanaisha binti Omari. Huyo alikuwa mkewe.

"Nataka mapema, mwanangu," akasema. "Mama watoto hajiwezi, yuko kitandani. Ukimaliza, nipigie chapa kwenye karatasi nimpelekee."

"Inshallah, Mzee," nikamjibu.

Basi nikaifanya kazi. Niliweka minazi, nikaweka herufi za kumetameta, nikaweka picha ya ufuo ambao mzee wa watu hata hakuutaja. Ee, ujana! Nilipofika kwenye jina la mkewe nikasita. Sisi tulilelewa kwamba mke wa mtu hatajwitajwi mbele ya wasiomjua, na mtoto hamuulizi mzee habari za mkewe. Nikajiambia, jina hili ameniandikia mimi tu, nijue. Nikaandika: "Kofia za Fundi Bakari." Karatasi nikaitia kwenye faili.

Alipokuja kuona, alikaa mbele ya kompyuta, macho yakipanda na kushuka.

"Mashallah," akasema mwishowe. "Una mikono mizuri." Kisha, akiwa amekwisha simama: "Na ile karatasi yangu, ingalipo?"

"Ipo, Mzee. Nimeihifadhi vizuri sana."

Akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akaenda zake. Nami nikafurahi, wallahi, nikamwambia mwenzangu kwamba mteja ameridhika. Sisi watu wa pwani hatukatai kitu usoni mwa mtu. Mashallah yake ilikuwa na swali ndani, nami mzaliwa wa hapa hapa sikulisikia. Kazi ya hoteli moja ya Nyali ikaingia, ya mzee, iliyobaki kupigwa chapa tu, nikaiweka kando wiki tatu nzima.

Nilipopiga chapa zile kurasa nikavuka mwenyewe kumpelekea. Nilikuta wanaume wamekaa kwenye mabenchi nje ya nyumba, na ndani wanawake wakisoma Kurani. Bi Mwanaisha alikuwa amezikwa jana yake.

Nilitaka kurudi. Mzee akaniona, akaniita, akaomba zile karatasi. Alipitisha kidole mstari kwa mstari, ukurasa kwa ukurasa.

"Jina lake liko wapi?"

"Mzee, niliona haya kukuuliza. Nilidhani si adabu jina la mkeo kusomwa na kila mtu."

"Ungeniuliza, mwanangu." Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana. "Nakshi zote ni zake. Miaka arobaini watu wanavaa kazi yake wakiniita mimi fundi. Alijifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya gumbaru. Nilimwahidi atalisoma jina lake juu ya kazi yake. Nami niliona haya kukusukuma."

Nililia pale pale, mbele ya wageni. Siku ile ile nilirudi Kisauni nikafuta minazi yote, nikaandika juu kabisa: Kofia za Bi Mwanaisha binti Omari. Ilinichukua dakika chache tu, na ndizo zinazoniuma hadi leo. Watu wa mbali wakalisoma jina lile. Yeye hakulisoma.

Sasa na wewe umeanza kutengenezea watu tovuti, sikiza. Kabla hujagusa kompyuta, muulize mteja: katika yote haya, ni kipi ukikikosa utaona hakuna kilichofanyika? Muulize na ni cha nani, na chatakiwa lini. Andika, msomee, akubali kwa kinywa chake. Anza na hicho, mapambo yatangoja. Akikusifu haraka, keti naye tena, umuulize kilichobaki moyoni. Adabu si kunyamaza. Mimi nilinyamaza nikadhani namheshimu mtu, kumbe namnyima.

Mungu akupe masikio kabla ya mikono, mwanangu. Akufikishe mapema kwa kila anayekungoja, umkute angali macho. Amin.