Nilivyofungiwa Bandani na Baba Mkwe, Chui Akiwa Juu ya Bati

Jamani, aibu niliyoipata siku ile pale Lufingo ningeificha, lakini nitaificha wapi wakati kijiji kizima kiliniona, na ambao hawakuwepo wamesimuliwa mpaka sasa wanasimulia vizuri kuliko mimi? Bora niseme mwenyewe, maana kule sokoni Tukuyu wameshaanza kuniongezea chumvi.

Iko hivi. Zamani kule juu, mpakani na msitu wa Mlima Rungwe, kondoo walikuwa wengi, kisha chui akawa anawachukua mmoja mmoja, watu wakachoka wakawashusha wote, malisho yakabaki matupu. Sisi akina mama wa kikundi cha kanisani tukasema tuwarudishe. Mwenye kiherehere kuliko wote nilikuwa mimi. Nikasema chui hana kosa, kosa ni mabanda mabovu, nikasimamia ujenzi wa banda la magogo ya mkaratusi, bati juu, komeo la chuma nje na ndani ili mlinzi aweze kulala humo. Wazee wakatucheka. Aliyecheka kuliko wote ni baba mkwe wangu (jina lake silitaji, msinilazimishe), akaliita banda letu jela ya kondoo, akapeleka hoja kwa mwenyekiti wa kijiji kwamba ama kondoo washuke, ama chui atiliwe sumu kwenye nyama amalizwe. Mkutano ukaitishwa, na nilijua tukishindwa hapo, hakuna atakayepandisha tena kondoo mlimani mpaka nazeeka.

Sasa kwa msio wa huku niwaambie: sisi Wanyakyusa, mwanamke na baba mkwe wake hawakutani. Hampeani mikono, hamtazamani, hamsemeshani. Ukimwona anakuja unachepuka porini, unajifunika kanga na kuinama mpaka apite. Vijana wa mjini wengi wameacha, lakini mzee wangu ni wa zamani, na kwa hilo namheshimu.

Siku ya mkutano nikapanda mapema kuwaangalia kondoo kabla watu hawajajaa uwanja wa kanisa, ulio chini kidogo tu ya banda. Ukungu ulikuwa umeshuka, huoni hata mgomba wa pili. Mara nasikia kikohozi, na kikohozi kile nakijua. Mkwe! Porini kumelowa chepechepe, nami nimevaa kitenge kipya kilichotoka juzi tu kwa fundi kule Makandana, nikawaza, ya nini nilowe wakati banda liko hapa hapa? Nikaingia bandani, nikajibanza kona ya mwisho katikati ya kondoo. (Huo ndio uamuzi wenyewe, mnaweza kuanza kunicheka.)

Kumbe mzee hakuwa anapita, alikuwa anakuja bandani, na njiani alikuwa amemwona chui kwenye ukungu. Nikasikia miguu inakimbia, mlango ukafunguka, yeye ndani, komeo likafungwa. Nje ukasikika ule mkoromo wa chui, kama mtu anapasua mbao kwa msumeno. Nikashtuka nikahema kwa nguvu.

"Nani humo?" mzee akauliza.

Nijibu nini? Hata sauti yangu haipaswi kumfikia. Nikafanya jambo ambalo mpaka leo sijui lilitoka wapi: nikalia kama kondoo. Meee.

Halafu mzee akasema polepole, "Gwe kondoo, una mafua."

Nikalia tena, safari hii vizuri zaidi (ukishaanza ujinga unaumalizia). Mzee akainama kuchungulia, akaona viatu. "Ee Kyala, Mungu wangu!" Akageuka upesi akatazama mlango, mimi nikatazama ukuta, kanga kichwani, migongo yetu ndiyo inatazamana.

Hapo chui akarukia bati, puu, akaanza kukwaruza. Ikawa lazima tusemezane, na kusemezana hatuwezi, basi mzee akamshika kondoo aliyekuwa karibu.

"Wewe kondoo, mwambie huyo mama kuna debe tupu hapo kwake. Alipige."

Nami nikamwambia kondoo, "Mwambie baba nimeliona. Ila ashikilie mlango."

"Mwambie nimeshika."

"Mwambie baba apige na kelele, sauti ya mwanamume inatisha."

"Mwambie yangu imekauka kwa hofu. Apige yeye, sauti anayo, nimeisikia."

Nikalipiga debe lile kwa fimbo, nikapiga mayowe, nikamtukana chui na ukoo wake wote kwa maneno ambayo baba mkwe hapaswi kuyasikia kinywani mwangu. Chui akashuka, akasukuma mlango, akachimba chini ya magogo, akapenyeza mkono penye upenyo, akarudi tena mlangoni, na banda likakaa vilevile. Halikutikisika! Moyoni nilijawa na furaha ambayo sikuwahi kuisikia siku yoyote ya maisha yangu. Mwisho akakoroma, akaenda zake msituni mikono mitupu.

Watu walikuwa wameshasikia debe, wakaja mbio na mapanga, mwenyekiti, mchungaji, wanakwaya na sare zao. Mzee akafungua, kondoo wakatoka wote kwa mkupuo, wakanizoa miguu, nikatoka kinyumenyume na kanga usoni, nikaanguka nikakalia kinyesi mbele ya mkutano mzima wa kijiji.

"Jamani, ni Mama Tusa!" akapiga kelele mwanamke mmoja. "Na mkwe wake! Humo ndani!"

Kicheko kilichofuata sikielezi. Hata mchungaji aligeuka kupenga kamasi ambazo hakuwa nazo. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Mwenyekiti alipotulia akamuuliza mzee kama bado ana hoja yake. Mzee akakohoa, akautazama mlima ili asinitazame mimi.

"Nilipanda leo nitafute ubovu wa banda hili nije kuwaonyesha," akasema. "Chui amenisaidia kuutafuta. Ametafuta juu, ametafuta chini, hakuupata. Kondoo wabaki. Na sumu tuache, chui akikosa huku atarudi kwa ngedere wake." Kisha akawageukia kondoo. "Nanyi mwambieni aliyelijenga: ndaga fijo."

Asante sana, kwa Kinyakyusa chetu, kutoka kwa mzee yule! Vigelegele vilipasua ukungu. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mgomba, nanuka, nalia na kucheka kwa pamoja, na nawaambieni tulishinda.

Tangu hapo nimeapa, nikimwona mkwe njiani naingia porini, kuwe na siafu, kuwe na upupu. Kondoo wamezaa, na hajachukuliwa hata mmoja. Juzi nimepanda asubuhi nikakuta kondoo wageni wamefungwa mlangoni, masikio yana alama ya nyumba ya mkwe wangu. Chini pale njia inapokata kona, mzee amesimama amenipa mgongo, anangoja. Nikawaingiza wote, nikafunga mlango. Aliposikia umefungwa, ndipo akaanza kushuka.