Zamda na Njia ya Kwemkole

Zamda hakuzaliwa Zamda. Alizaliwa Stefania, katika kambi ya shamba la mkonge upande wa Korogwe, ambako babu yake aliletwa kama manamba, kibarua wa kukata mkonge, na hakurudi tena kwao. Sadala, Mzigua wa Misima, alimkuta akiuza maandazi stendi, akampenda, akapeleka posa. Stefania akasilimu, akapewa jina jipya, akahamia chini ya kilima cha Kwemkole. Hawakujaliwa mtoto. Hata hivyo Sadala hakuongeza mke wa pili, na hilo ndugu zake hawakumsamehe yule mwanamke.

Sadala aliumwa na nyoka akivuna mahindi, akafa kabla ya adhuhuri. Eda ilipokwisha, mdogo wake Muhidini alikuja kwa Zamda akiwa amevaa kanzu, akasema anataka kumrithi.

"Shemeji, nakuheshimu," Zamda alimjibu. "Lakini sitaki mume mwingine."

"Mtoto wa manamba unachagua?" Muhidini akainuka. "Haya. Kaa na hicho kiwanja chako."

Nyumba ya Zamda ilikuwa karibu na barabara. Kisima cha ukoo kilikuwa upande wa pili wa kilima, jirani na nyumba ya Muhidini alikoishi pia mama yao, Bi Hafsa. Njia fupi ilipita chini ya kilima, ndani ya shamba la Muhidini. Akaiziba kwa miiba ya migunga, akaacha kilango ambacho yeye na watu wake walikisogeza walipotaka kwenda barabarani. Walipita ubavuni mwa nyumba ya Zamda polepole, wakiongea kwa sauti, na jina walilomwita sasa lilikuwa Stefania.

Alikwenda kushtaki kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, kila mtu na ardhi yake. Anayeziba kwake hana kosa."

Basi akawa anakizunguka kilima. Asubuhi alipanda upande wa mawe, ndoo tupu mkononi, akishika mizizi pale penye mteremko mkali. Kurudi na maji kichwani hakuweza kushuka huko. Alipitia upande wa mbugani, mrefu na wenye tope, mpaka anatokea tena nyuma ya nyumba yake. Nyonga ikaanza kumuuma. Majirani walimwona kila siku, wakamwitikia salamu, wakaendelea na palizi.

Aliyemngoja kisimani ni Bi Hafsa peke yake. Miguu ya yule bibi ilikuwa imevimba, na Zamda alikuwa akimkanda kwa mafuta ya nyonyo, wamekaa chini kisimani, maana nyumbani kwa Muhidini alikatazwa kukanyaga.

"Mwanangu," bibi alimwambia siku moja, "nikifa, uniogeshe wewe. Hawa wengine mikono yao ni mizito."

Ijumaa moja, akiwa uani, Zamda alisikia kilio cha wanawake kutoka ng'ambo. Alijua. Akajifunga khanga, akakimbilia kwenye kilango. Muhidini alikuwa amesimama pale pale, macho mekundu.

"Shemeji, nipishe. Mama ameniusia nimwogeshe."

"Njia yako unaijua."

"Leo tu, shemeji. Nakuomba kwa Mungu."

Muhidini akaegemea kilango. Zamda akageuka, akapanda kilima. Kwenye mawe aliteleza, goti likachubuka, akaendelea. Alipofika, maiti ilikuwa imekwisha kuoshwa na kukafiniwa. Akaomba amwone uso. Shangazi yao, Mwanaidi, akasimama mlangoni. "Stefania hana maiti hapa," alisema.

Wanaume waliporudi makaburini, Muhidini alimtazama pale alipokaa nyuma ya jiko, akasema watu wote wasikie, "Mkwe aliyempenda mama yangu angewahi."

Zamda hakulia. Mvua za vuli zilipoanza alisafiri hadi Korogwe, akarudi na viroba vya maotea ya mkonge. Kazi hiyo aliijua tangu utotoni. Akayapanda mstari juu ya mstari kwenye kiwanja chake, kuanzia ukuta wa nyumba mpaka kwenye korongo lililopakana nacho, pale ambapo watu wa Muhidini walipita kwenda barabarani. Kila mwaka akaongeza mengine, mpaka pakawa hapapiti hata mbuzi. Muhidini akaenda kushtaki. Mwenyekiti hakuwa na jibu jingine zaidi ya lile la kwanza.

Masika ya mwaka uliofuata shauri hilo, Munira, mke mdogo wa Muhidini, alishikwa na uchungu. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Kibwana wa bodaboda alimpakia, mwanamke mmoja akamshikilia kwa nyuma, wakaja moja kwa moja mpaka kwenye mkonge. Zamda alikuwa hapo, panga mkononi, akipunguza majani ya chini.

"Mama, tufungulie!" Kibwana alipiga kelele. "Mgonjwa huyu anakufa!"

Munira hakuomba. Alikuwa ameuma khanga, jasho linamtoka, anamtazama tu. Zamda angeweza kukata miche michache pikipiki ikapita. Akawaza goti lake, akawaza uso ambao hakuonyeshwa.

"Njia ni ya mbugani," alisema. "Mimi naipita kila siku."

Kibwana alimtukana, akageuza pikipiki. Huko mbugani ikazama. Munira alijifungulia kwenye tope, chini ya turubai la mtu aliyekuwa akichunga ng'ombe, na mtoto wa kiume hakulia.

Siku iliyofuata mwenyekiti alifika na vijana. Wakaufyeka mkonge wote, wakang'oa na kilango cha Muhidini, na njia ikatangazwa kuwa ya kijiji. Katika miaka yote ambayo Zamda alizunguka kilima, hakuna aliyewahi kuona haja hiyo. Dukani wakawa wanamhudumia mwisho. Watoto wakafundishwa kumkimbia.

Munira alipopata nguvu alimfuata nyumbani kwake. Zamda alimtolea kigoda, lakini Munira hakukaa.

"Nilikuwa na hasira na mumeo," Zamda alisema. "Wewe hukunikosea."

"Siku aliyokufa Bi Hafsa, mimi ndiye niliyekuwa namwogesha," Munira alisema. "Watu walikuja kuniambia unaomba pale kwenye kilango. Niliendelea kumwaga maji."

Wakatazamana.

"Sikuja kutaka radhi, wala kukupa," Munira akasema, akajitanda khanga yake vizuri na kuondoka.

Tangu hapo huonana kisimani karibu kila asubuhi. Anayetangulia huteka maji yake, na mwingine husimama kando mpaka amalize.